Raundi Tano na Karata Kumi

Nimerudi chuo tangu juzi. Boom bado halijatoka, chumbani tunaishi kwa sukari ya kuazima, na mhadhiri wa takwimu ameanza kwa kasi utadhani anakimbizwa. Lakini leo sitaki kulia njaa. Nataka niwasimulie kitu nilichokifanya likizo nyumbani, halafu nikuunganishie na historia yake, maana nimegundua kitu kile kile kimewasumbua watu wakubwa kuliko mimi kwa miaka mingi tu.

Nyumbani ni Itungi. Kwa wasiopajua, ukifika Kyela mjini unaendelea tu na barabara mpaka uone imegota kwenye maji. Hapo ndipo Ziwa Nyasa linapoanzia kwa upande wetu wa kaskazini. Mashariki Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, huku chini ni mpunga, kokoa na joto la kufa mtu. Wazee wa kwetu bado wanaongelea enzi za MV Songea na MV Iringa, watu wakisubiri meli huku wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Kwa hiyo mchezo wa kete ubaoni kwetu si kitu kigeni. Chesi ndiyo ngeni.

Sasa basi. Nina mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu. Huyu binti chesi alijifunza kwangu, akanipita, nikaacha kucheza naye kulinda heshima ya kaka. Klabuni kwao alikuwa anashinda kama michezo 6 katika kila 10. Mwaka huu yakaja mashindano ya raundi 5, na wenye ushindi wa mechi 3 kwenda juu ndio wachukuliwe timu. Akashinda 2, akafungwa 3. Ikaishia hapo.

Nilipofika nyumbani, bibi kanipokea na "ugonile" yake, nikauliza mtu wangu yuko wapi. Yuko jikoni, kanuna. Ubao wa chesi ameuviringisha kwenye gunia la mpunga, kausukuma chini ya kitanda.

"Kaka, mimi siyo wa chesi. Wamenipima wakaona sifai."

Nikamwambia wamekupima kwa michezo mitano tu. Akanijibu kwamba hata mtihani wa taifa ni siku chache tu na watu wanafeli moja kwa moja. Hapo nikakosa la kusema, maana mimi mwenyewe kuna kozi moja mwaka jana nilipita kwa alama 41, na mstari wa sapu ulikuwa 40. Alama moja tu! Swali moja lingekuja vingine, leo ningekuwa na stori nyingine.

Jioni hiyo nikakumbuka kitu cha darasani. Nikachukua pakiti ya karata za baba mdogo, nikatoa karata 10: 6 nyekundu na 4 nyeusi. Nikamwita binti barazani. Nikamwambia: "Hizi karata ndio wewe. Nyekundu ni ushindi, nyeusi umefungwa. Sare tunaziacha. Chomoa moja bila kuangalia, niandike, uirudishe, uchanganye, uchomoe tena. Ukichomoa mara tano, hayo ni mashindano mamoja."

Akacheka, lakini akachomoa.

Tulifanya mashindano 100 kwa jioni mbili, kwa taa ya sola, huku wadudu wa ziwani wakituingia puani. Mimi na kaunta buku, yeye na karata. Bibi akatuangalia akadhani tumeanza kamari. Matokeo haya hapa:

Ushindi 0: mara 1
Ushindi 1: mara 9
Ushindi 2: mara 24
Ushindi 3: mara 33
Ushindi 4: mara 26
Ushindi 5: mara 7

Angalieni vizuri, jamani. Uwezo haukubadilika hata mara moja. Karata ni zile zile kumi, nyekundu sita, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Lakini mara 34 katika 100 "mchezaji" wetu alitoka na ushindi 2 au pungufu, yaani angekosa timu. Na mara 7 alishinda zote tano, angebebwa juu juu kama bingwa. Mtu yule yule!

Niliporudi chuo niliandika programu fupi, kompyuta ikarudia mashindano hayo mara 10,000 wakati nachemsha chai. Ikanipa 3,168. Na ukikokotoa kwa kalamu unapata kama 317 katika kila 1,000. Kwa hiyo karata za baba mdogo hazikudanganya. Zilisema 34 katika 100, ukweli ni karibu 32.

Hiki tulichofanya barazani kina jina. Wataalamu wanaita simulesheni, mimi naita kuigiza mashindano. Na sasa ndio naingia kwenye historia.

Mtu wa kwanza ninayetaka mumjue ni wa kutoka Afrika huku huku. John Kerrich alikuwa mwalimu wa hesabu Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Mwaka 1940 alikuwa Denmark kutembelea ndugu, Wajerumani wakaivamia nchi, naye kwa kuwa ni raia wa himaya ya Uingereza akawekwa kambini. Sasa mtu wa hesabu kafungwa, hana la kufanya, akachukua sarafu akaanza kuirusha. Akairusha mara 10,000, akaandika kila moja. Baada ya mara 100 alikuwa na vichwa 44. Baada ya 1,000 vilikuwa 502. Mwisho wa zote vilikuwa 5,067. Kitabu chake kilitoka 1946.

Kwa nini namtaja? Tazama ile 44 katika 100. Kama hizo zingekuwa mechi za chesi kati ya watu wawili walio sawa kabisa, mmoja angeshindwa 56 kwa 44, na mtaa mzima ungesema yule mwingine ni mkali zaidi. Lakini sarafu haina mkali. Ukiongeza michezo ndipo ukweli unajitokeza taratibu.

Wa pili ni Stanisław Ulam, mwanahesabu aliyezaliwa Lwów mwaka 1909 na baadaye akahamia Marekani. Mwaka 1946 aliugua ubongo, akawa anapumzika huku anacheza karata peke yake, ule mchezo wa kuzipanga mpaka ziishe. Akajiuliza: uwezekano wa karata kukubali ni kiasi gani? Akajaribu kukokotoa, hesabu zikawa msitu. Ndipo likamjia wazo rahisi kabisa, kwamba kwa nini usicheze tu mara 100 ukahesabu ni mara ngapi zimekubali? Akampelekea wazo hilo John von Neumann, na wakaona linafaa kwa kazi nzito ya fizikia ya nyuklia waliyokuwa nayo. Mwaka 1948 ikaendeshwa kwenye kompyuta ya ENIAC, na mmoja wa walioandika programu zake ni mwanamke, Klára von Neumann. (Hili nilimwambia mdogo wangu mara mbili makusudi.) Jina la njia hiyo, Monte Carlo, lilipendekezwa na mwenzao Nicholas Metropolis, kwa sababu Ulam alikuwa na mjomba aliyekuwa akikopa pesa za ndugu kwenda kucheza kamari kwenye mji huo. Makala ya Metropolis na Ulam ilitoka 1949.

Kwa hiyo njia inayosaidia kazi nzito za fizikia ilianzia kwenye karata za mgonjwa. Bibi, unasikia?

Sasa chesi yenyewe. Hapa kuna watu wawili waliotaka kuugeuza uwezo wa mchezaji uwe namba. Ernst Zermelo, Mjerumani, mwaka 1929 alichapisha njia ya kukadiria uwezo kutoka kwenye matokeo ya mashindano, akaijaribu kwa mashindano ya New York ya 1924, yale ambayo Emanuel Lasker alipata alama 16 katika 20 na kumpita Capablanca aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo. Baadaye akaja Arpad Elo, mwalimu wa fizikia wa Marekani mwenye asili ya Hungaria. Mfumo wake ulichukuliwa na chama cha chesi cha Marekani mwaka 1960 na shirikisho la dunia, FIDE, mwaka 1970. Ndio huo unaotumika mpaka leo.

Kinachonivutia kwa Elo ni kwamba hasemi "huyu atamshinda yule". Anasema ukimzidi mwenzako pointi 100, tegemea kama alama 64 katika 100. Ukimzidi 200, tegemea kama 76. Yaani bahati (au niseme siku njema na siku mbaya) imo ndani ya mfumo tokea mwanzo. Mkali anapofungwa na asiye mkali, mfumo haushangai. Sisi watazamaji ndio tunashangaa.

Lakini ngoja, kuna mtu atasema: chesi haina bahati! Haina dadu, haina karata, kila kitu kiko wazi ubaoni. Ni kweli. Bahati ya chesi haiko ubaoni, iko kwa wachezaji. Umelala vipi, umepangiwa nani raundi ya kwanza, una nyeupe au nyeusi, mpinzani kafungua kwa njia uliyoisoma jana au usiyoijua. Na uchovu. Ukicheza na mtu yule yule mara mia hutapata jibu moja mara mia. Hiyo tofauti ndiyo tunayoiigiza kwa karata.

Na wakati mwingine bahati iliingia mpaka ukumbini, na mlango ilifunguliwa rasmi. Mwaka 1983 huko Velden, Austria, kwenye robo fainali ya kutafuta mpinzani wa bingwa wa dunia, Vasily Smyslov wa Urusi ya Kisovieti alicheza na Robert Hübner wa Ujerumani Magharibi. Smyslov alikuwa na miaka 62 na aliwahi kuwa bingwa wa dunia 1957 mpaka 1958. Wakacheza michezo 14, wakatoka 7 kwa 7. Unajua waliamua vipi? Kwa gurudumu la ruleti kwenye kasino! Mmoja rangi nyekundu, mwingine nyeusi. Mara ya kwanza kigololi kikaanguka kwenye sifuri, ambayo si nyekundu wala nyeusi. Wakazungusha tena, ikawa nyekundu, Smyslov akapita. Akaenda akamshinda Ribli, akafika fainali, na mwaka 1984 akafungwa na kijana anaitwa Garry Kasparov.

Kwenye vitabu imeandikwa "Smyslov alifika fainali akiwa na zaidi ya miaka 60". Ni kweli, na alistahili sifa. Lakini katikati ya sifa hiyo kuna kigololi.

Msiwacheke watu wa chesi. Hata kwenye mpira tumeyaona. AFCON ya 2015 kule Guinea ya Ikweta, Guinea na Mali walitoka 1-1 mechi zao zote tatu, pamoja na ile waliyocheza wenyewe kwa wenyewe. Kila kitu sawa. Tarehe 29 Januari ikapigwa kura Malabo, Guinea wakaenda robo fainali, Mali wakapanda ndege. Guinea wakafungwa 3-0 na Ghana, lakini kwenye kumbukumbu wao ni robo fainali na Mali ni hatua ya makundi.

Turudi kwenye karata. Nilimwambia binti sasa tuigize mashindano ya mtoano. Wachezaji 8, mmoja (wewe) una nyekundu 6 katika 10 dhidi ya mtu yeyote. Ili uchukue kombe lazima ushinde mara tatu mfululizo. Hesabu yake ni rahisi: 0.6 mara 0.6 mara 0.6, sawa na 0.216. Kwa hiyo mkali kuliko wote anachukua kombe kama mara 216 katika 1,000. Mara 784 zilizobaki kombe linakwenda kwa mwingine, na sisi tunamsifia huyo mwingine.

Wakiwa 128 inakuwa raundi 7. Hapo mkali wetu wa 60 katika 100 anabakiwa na kama 28 katika 1,000. Ni zaidi ya mara tatu ya yule wa kawaida (ambaye ana karibu 8 katika 1,000), lakini bado usiweke rehani shamba la mpunga.

Sio nadharia tu. Kuna kipindi FIDE ilikuwa inampata bingwa wake wa dunia kwa mtoano wa namna hiyo. Mwaka 1999 huko Las Vegas alishinda Alexander Khalifman, ambaye orodha ya dunia wakati huo ilimweka nafasi ya 44. Mwaka 2004 mashindano yalifanyika hapa hapa Afrika, Tripoli nchini Libya, watu 128, akashinda Rustam Kasimdzhanov wa Uzbekistan ambaye hakuna aliyemtarajia. Njiani aliwatoa Ivanchuk, Grischuk na Topalov, kisha fainali akamtoa Michael Adams. Hakuna aliyempa zawadi, aliwafunga kweli. Ila ukiuliza "je, mtoano unampata aliye mkali kuliko wote?", karata zinajibu: mara chache. Unampata mtu mkali ambaye siku hizo zilikuwa zake.

Hata ligi ndefu haiponyi kabisa. London 2013, wakitafuta wa kumkabili Anand, Magnus Carlsen na Vladimir Kramnik walimaliza raundi 14 wakiwa na alama 8.5 kila mmoja. Siku ya mwisho wote wawili walifungwa! Carlsen akapita kwa sababu tu alikuwa na ushindi 5 na Kramnik 4. Novemba mwaka huo Carlsen akamvua Anand taji huko Chennai. Kwa ngazi ile sare ni nyingi, kwa hiyo ukitoa sare unabaki na michezo michache sana yenye mshindi, na kila mmoja unakuwa na uzito wa jiwe.

Nataka pia kumtaja jirani yetu, Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Wengi mnamjua kwa kitabu cha Tim Crothers cha 2012 na filamu ya Mira Nair ya 2016. Alimfuata kaka yake kwenye chesi ya Robert Katende, ambako kulikuwa na uji. Alicheza Olimpiadi ya 2010 Khanty-Mansiysk, Urusi, halafu ya 2012 Istanbul, na hapo yeye na Ivy Amoko wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda kupata cheo cha chesi. Masharti yalikuwa kupata angalau nusu ya alama katika michezo isiyopungua 7.

Sasa igiza. Chukua mchezaji mwenye nyekundu 4 tu katika 10, acha sare, mchezeshe michezo 7. Atapata ushindi 4 au zaidi kama mara 290 katika 1,000. Chukua mwenye nyekundu 6, atapata hivyo kama mara 710. Kwa hiyo mstari wa namna hiyo unapitisha baadhi ya ambao hawajafika na unawaacha baadhi waliofika. Simwondolei Mutesi chochote, tusielewane vibaya. Ninachosema ni kwamba kuna binti mwingine mahali fulani mwenye uwezo ule ule aliyekosa nusu alama, na huyo hana kitabu wala filamu.

Na historia nzima iko hivyo. Hapa kwetu ziwani, Agosti 1914, meli ya Waingereza Guendolen iliikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo. Habari za vita zilikuwa zimewafikia Waingereza kabla hazijamfikia nahodha wa Kijerumani. Ikaisha. Je, habari zingechelewa siku kadhaa upande ule? Je, Wissmann ingekuwa majini? Hatuwezi kurudisha karata ile tukachanganya tena. Historia huchezwa mara moja, halafu sisi tunakaa darasani kueleza kwa nini ilikuwa lazima iwe vile. Mwenye chesi ana afadhali, anaweza kupanga kete upya.

Sasa mdogo wangu siyo mjinga. Usiku wa pili, tukiwa tumemaliza yale mashindano 100, akatulia kidogo, akauliza swali lililoniumiza kichwa:

"Kaka, umejuaje kama mimi ni karata sita nyekundu? Kama ni nne je?"

Wadau, hapo ndipo nilipoona kaka nimepitwa tena. Kwa sababu ana haki kabisa. Ukiweka nyekundu 4 na nyeusi 6, matokeo ya ushindi 2 au pungufu yanatokea kama mara 683 katika 1,000. Ukiweka 6, ni 317. Kwa hiyo yale matokeo yake hayana maana "sifuri". Yanaegemea kidogo upande wa kusema hana uwezo. Ni kama zaidi ya mara mbili. Simulesheni haiji kukubembeleza kwamba wewe ni bingwa ila umeonewa na bahati. Inakuambia tu kwamba ushahidi wa michezo 5 ni mwembamba, na mtu anayekata shauri kwa huo anakata shauri mapema.

Akaongeza lingine: "Na ule mwezi nilioshinda 4 kati ya 5, kumbe nao huenda ilikuwa bahati?"

Ndiyo. Hilo nalo. Bahati haichagui siku za kilio tu. Tukipata A tunasema akili, tukisapu tunasema mhadhiri. Karata hazijui tofauti hiyo.

Basi dawa ni nini? Michezo mingi. Nilimchorea jedwali dogo kwenye kaunta buku. Mtu wa nyekundu 6 katika 10 anaweza kuonekana dhaifu (kufungwa zaidi ya kushinda) mara ngapi katika 1,000?

Michezo 5: kama 317
Michezo 9: kama 267
Michezo 21: kama 174
Michezo 101: kama 21

Angalieni inavyoshuka polepole. Hata michezo 21, ambayo ni mashindano makubwa kabisa, bado mara 174 inakudanganya. Ukifika mia moja ndipo uongo unakosa pa kujificha. Ni yale yale ya Kerrich na sarafu yake kambini.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua timu kwa haki, usichukue wikiendi moja. Chukua rekodi ya mwaka mzima. Kama huna mwaka, basi ongeza raundi. Na usipende mtoano kwa sababu tu unaisha haraka. Hili nalisema hata kwa ligi yetu ya mabweni hapa chuoni, ambapo kila mwaka tunacheza mtoano wa siku moja halafu bweni moja linatamba miezi kumi na miwili.

Na kwa wale wazee wa madesa ambao nimeshawaona mnaanza kutabasamu: hapana, hii siyo ruhusa ya kusema "nilisapu kwa bahati mbaya". Ukisoma unaongeza karata nyekundu kwenye mkono wako. Kuchomoa ni bahati, lakini idadi ya nyekundu ni kazi yako. Nilipita kwa 41 kwa sababu nyekundu zangu zilikuwa chache, nikabahatika siku hiyo. Mwaka huu sitaki kuchomoa na mkono ule ule.

Asubuhi ya kuondoka niliamka mapema kuwahi gari la Kyela. Nikakuta gunia la mpunga limekunjwa vizuri limewekwa pembeni, na ubao uko barazani. Farasi mmoja mweusi hayupo siku nyingi, wanatumia kifuniko cha soda. Binti akaniambia pakiti ya karata niiache, baba mdogo atanunua nyingine. Kisha akanionesha ukurasa mpya wa kaunta buku. Juu ameandika "1 mpaka 100", chini mistari mitupu.

Amempata mtoto wa jirani aliyefundishwa shuleni, na mwalimu mmoja aliyestaafu anayepita jioni kwenda kuangalia mitumbwi. Kila mchezo anaandika. Jana alinitumia ujumbe kwa simu ya mama: "Kaka, 17. Nimeshinda 9."

Nimekaa nayo hiyo namba tangu jana. 9 kati ya 17 inaweza kuwa nyekundu sita, inaweza kuwa tano, hata nne inawezekana. Nikamjibu nilichokuwa na hakika nacho tu: bado 83.

Haya wadau, mwenye pakiti ya karata chumbani ajaribu leo usiku, kabla umeme haujakatika. Toa kumi, hesabu nyekundu zako kwa ukweli wa moyo wako, chomoa mara tano. Halafu niambieni mngechukuliwa timu au mngeachwa. Mimi naenda kutafuta wa kunikopesha sukari.